Ufunguo Wangu Katika Jeneza la Mtu Nisiyemjua

Afadhali niisimulie mwenyewe, maana naona habari hii imeshatembea vya kutosha bila mimi. Jumapili iliyopita kijana mmoja aliniamkia kanisani, akanishika mkono kwa adabu kabisa, kisha akaniuliza kama ni kweli nililala ndani ya jeneza nikakataa kutoka. Sikulala ndani ya jeneza. Niliweka tu ufunguo wa gari humo, na yaliyofuata ndiyo haya, sitaongeza wala kupunguza, ingawa kupunguza ningependa sana.

Mnanijua. Nilisomea ualimu wa dini huko Taita nikiwa kijana, nikafundisha mpaka nilipostaafu, na tangu nije hapa Euless kukaa na binti yangu Wakesho, Mungu amenipa neema ya kuwa mzee wa kanisa tena, kwa watu wema wanaonivumilia. Udhaifu wangu mmoja mnaujua pia (mwingine mwulizeni mke wangu, ana orodha): napenda mbao. Gereji ya Wakesho haijaingiza gari hata siku moja tangu nifike, imejaa vigoda, meza zisizo na miguu, miguu isiyo na meza, na harufu ya maranda ambayo Wakesho anasema inamfuata mpaka wodini anakouguza wagonjwa. Mimi si fundi. Mimi ni mtu anayependa tu kushika randa na kuona ubao unatoka ngozi yake ya juu, basi moyo unatulia.

Sasa, siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya posa. Wakesho alikuwa amepata mchumba, Bahati, kijana wa Kikongo anayekaa na wazazi wake Fort Worth na kufanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege, kijana mpole, anayesali, anayekula chochote unachomwekea. Kwake hatukuwa na neno. Shida ilikuwa upande wa wakubwa. Baba zake wadogo wa Houston, wale wanaokaa mtaa wa Gulfton, walikuwa wamesema wazi kwamba Wakenya ni watu wa mbio, wanakutilia chai huku macho yao yako kwenye saa, na kijana wao angeweza kupata msichana wa kwao bila taabu. Na Baba Bahati mwenyewe, mtu wa Uvira, mzee wa kanisa kama mimi, mrefu, mkimya kama ukuta, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Nitakuya, nitaona." Wakesho alipoambiwa maneno hayo hakulala vizuri wiki nzima, nami sikulala kwa sababu yake, nikawa naomba Mungu anipe hekima siku hiyo, au kama hekima imekwisha, basi anipe ukimya.

Kwa kawaida upande wa mume haufiki kabla ya wakati wake, lakini Bahati alikuwa ametoka zamu ya usiku na alitakiwa kwenda kuchukua soda na viti, kwa hiyo akamshusha baba yake kwetu asubuhi kabisa, kabla hata vitunguu havijakatwa. Jikoni mke wangu na akina mama wa kanisa walikuwa wamechachamaa. Sebuleni tulikaa sisi wawili, Baba Bahati na mimi, tukitazamana. Nikamwuliza habari za safari (kutoka Fort Worth, jamani, safari gani). Akasema nzuri. Nikamwuliza habari za kanisa. Akasema tunashukuru. Kisha kimya. Kimya cha mtu anayekupima hakikaliki, ndugu zangu, unaanza kuwaza mpaka namna unavyopumua.

Wakesho akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Daddy, si um-drive mzee kidogo aone mji? Mnakaa hapo kama watu wanasubiri results."

Nikainuka haraka kuliko umri wangu. Wakesho akanifuata mpaka mlangoni na kuninong'oneza, "Lakini Daddy, tafadhali, usimpeleke kuangalia mbao."

"Mbao gani?" nikasema.

"Wewe unajua mbao gani. Na mrudi mapema. Watu wa Houston wakifika wakukose, watasema umekataa."

Hilo nililijua vizuri. Watu wametoka mbali kuja kuomba mke, wanakuta baba wa nyumba hayupo, hiyo ina maana moja tu, iwe kwetu au kwao. Nikamwambia asijali. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kijivu, na mfukoni nina ufunguo wa gari na ule wa akiba, zote kwenye pete moja (mke wangu alishasema kwamba ufunguo wa akiba unaotembea na mwenzake si wa akiba tena, lakini mimi niliona ni njia nzuri ya kutoupoteza).

Tukaenda. Barabarani kimya kilikuwa kilekile, sasa kina injini. Na hapo ndipo nikaona kile kibao cha kuelekeza mji wa kale, na ule uamuzi mdogo ukafanyika, mdogo kabisa, wa kuzungusha usukani tu. Nikajiambia tutapita nusu saa, mzee atanyoosha miguu. Tena kule kuna karakana ya seremala, lakini si kwamba ndiyo sababu, hapana.

Niwaeleze mji huo, kwa wasiofika. Ni kama makumbusho: wamekusanya nyumba za mbao za zamani, wakaweka duka, shule, kanisa dogo jeupe, karakana ya mhunzi, na watu wanaovaa nguo za miaka mia na zaidi iliyopita na kuishi mchana kutwa kana kwamba umeme haujaja. Ukimwuliza mama anayefua kwenye beseni habari za treni, anakujibu kwamba reli bado haijafika. Jioni wanavua kofia, wanapanda magari yao, wanarudi makwao. Hayo yote Wakesho alishanieleza, kwa hiyo msiniambie sikujua. Nilijua. Nilimweleza hata Baba Bahati, naye akatazama yule mama wa beseni, akasema, "Anafua kweli?"

"Anafua kweli, lakini anaigiza."

"Nguo inatakata?"

"Inatakata."

"Basi hapana kuigiza," akasema, na tukaendelea.

Karakana ya seremala ilikuwa mwisho wa mtaa. Kaka zangu, dada zangu, mkiingia pale mtanisamehe. Misumeno ya mkono imetundikwa kwa ukubwa, patasi zimepangwa, randa za mbao tupu zimeng'aa kwa viganja vya watu waliokwisha kufa, na sakafu yote ni maranda ya msonobari yamejiviringisha kama nywele za mtoto wa Kizungu. Seremala alikuwa mtu mnene mwenye ndevu mpaka kifuani. Na mbele yake, juu ya farasi wawili wa mbao, vile viegemeo vya kukatia ubao, alikuwa na jeneza.

Nikasimama. Nikavua kofia. Nikamwuliza, kwa Kiingereza changu cha darasani, ni la nani.

Akafuta uso kwa kitambaa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ni la mzee Amos, amefariki alfajiri kwa homa, mtu mwema, jirani yake, na wanamzika mchana huu kwa sababu ya joto.

Hapa ndipo mtakaponicheka, na mnayo haki. Mtu mwingine angejua palepale kwamba huo ulikuwa mchezo kama ule wa beseni. Mimi haikunipitia akilini hata kidogo. Mimi nimelelewa mahali ambapo kifo hakichezewi. Mtoto akilala akijifanya maiti anachapwa. Kwamba mtu mzima, mwenye ndevu, atengeneze jeneza la mtu ambaye hajafa, akuangalie usoni akuambie jirani yangu amefariki, na iwe ni mchezo wa kufurahisha wageni, hilo halikuwa na mlango wa kuingilia kichwani mwangu. Nikawaza kwa haraka nikapata maelezo yangu: mfanyakazi mwenzao mmoja amefariki kweli, na kwa kuwa aliupenda mji huu, wanamzika kwa desturi za huko kale. Nikasema pole. Nikasema pole sana. Akasema asante, na nikaona macho yake yamelowa (sasa najua ni vumbi la msonobari).

Kisha akaniuliza kama nimewahi kushika randa.

Mngeona heshima yangu yote ilivyoyeyuka. Mfuniko wa jeneza ulikuwa umebaki kumaliziwa, akaniachia. Nikavua koti. Nikajiegemeza kwenye meza ya kazi, lakini ile pete ya funguo ikawa inanichoma tumboni kila nikisukuma, nikaitoa mfukoni, nikatafuta pa kuiweka. Meza ilijaa vifaa. Sakafu ilijaa maranda. Jeneza lilikuwa hapo pembeni, wazi, limetandikwa maranda chini ambayo seremala alisema ni godoro la marehemu, na mimi nikaiweka pale kwa muda, kwenye kona ya upande wa miguu, nikiwa na nia kamili ya kuichukua. Nikapiga randa. Maranda yakatoka marefu, membamba, unaweza kusoma gazeti kupitia humo. Nilisahau posa. Nilisahau Houston. Kwa kitambo kile, Mungu anisamehe, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika nyumba yenye jeneza.

Wakaingia wanaume wawili wenye makoti meusi, wakalibeba sanduku kwenda chumba cha nyuma. Seremala akanipokea mfuniko, akausifu, akalifuata sanduku. Mimi nikavaa koti langu, nikatoka kumtafuta Baba Bahati, nikamkuta kwenye benchi kivulini.

"Kuna msiba hapa," nikamwambia. "Mwenzao mmoja amefariki. Wanazika sasa hivi."

Akaninyanyulia macho. "Alikufa kweli?"

"Kweli. Nimeongea na seremala, analia."

Nikatazama jua. Nikawaza watu wa Houston walipofika njiani. Nikasema, "Lakini sisi tunaweza kupita polepole tu, nyumbani wanatungoja."

Baba Bahati akasimama, kwa urefu wake wote, akafunga kifungo cha koti. "Mutu amekufa, Baba Wakesho, na sisi tunapita tu? Juu ya nini, pilau?"

Basi hiyo ikawa mizani yangu, na nimeshaanza kupungua. Nikasema la, hasha, nilimaanisha tusizidishe tu. Na jeneza likatoka wakati huohuo, limefunikwa, limepigiliwa misumari pande zote, na ule mfuniko niliouranda mwenyewe ukametameta juani. Nikasema moyoni, kazi nzuri. Nikatia mkono mfukoni kuhakikisha nina ufunguo.

Haukuwemo. Nilitia mkono mfuko wa pili. Nikatia wa koti. Nikarudi ule wa kwanza, kana kwamba ungezaa. Kisha nikalitazama jeneza linavyokwenda na nikajua. Ndani ya sanduku lile alikuwemo mzee Amos, marehemu, amepumzika, na kwenye nyayo zake ziko funguo zangu mbili, na huyo anakwenda kuzikwa, na wageni wa binti yangu wako barabarani, na mimi ndiye niliyepaswa kuwafungulia mlango.

"Unatafuta nini?" Baba Bahati akauliza.

"Kitambaa," nikasema.

Nikawaza kumkimbilia seremala nimwambie, lakini utasemaje? Samahani, mfungue jirani yako kidogo? Mbele ya mjane? Kwa maana alikuwepo mjane, ameshikwa huku na huku, ana shela jeusi mpaka kiunoni. Nikaona nisogee karibu tu na jeneza, labda nafasi itapatikana. Kulikuwa na wabebaji upande mmoja wanahema, nikaingiza bega. Hawakukataa. Baba Bahati aliponiona nimeingia bega naye akaingia upande wa pili, bila neno, akabadilishana na mzee mmoja. Tukabeba. Jeneza lilikuwa zito ajabu, nikawaza mzee Amos alikuwa mtu wa kula vizuri.

Tulipofika mteremkoni sanduku likainama, kitu kizito kikateleza ndani kuelekea miguuni, na kule kwenye maegesho ya magari honi ikaanza. Pi! Pi! Pi! Pi! Ile pete yangu ina kidude chenye kitufe chekundu cha kupigia kelele mwizi akija. Na marehemu alikuwa amekikanyaga.

Waombolezaji wakageuza shingo. Mji mzima wa zamani ukasikiliza honi ya Toyota. Tukapanda kilima kidogo, ikanyamaza. Tukashuka tena, ikalia.

Baba Bahati akanena chini ya jeneza, kwa sauti ya pua, "Si ile motokari yako?"

"Zinafanana sana," nikasema.

"Inalia kama yako."

"Tuombe, mzee. Tuombe tu."

Kanisani tukaliweka mbele. Nimekaa kwenye benchi la kwanza, wageni wamejaa nyuma na kamera zao (nikawaona hawana adabu, mtu anapigaje picha msibani?). Mhubiri mwembamba mwenye kola nyeupe akasoma, akasema machache, kisha akauliza kama kuna mtu angependa kusema neno juu ya marehemu kabla hatujamsitiri. Akatazama huku na huku. Baadaye nimekuja kujua kwamba hapo alipaswa kusimama mwenye duka na kutoa kisa cha kuchekesha. Lakini mwenye duka alichelewa kuinuka. Mimi nikainuka.

Nia yangu ilikuwa sentensi moja. Samahanini wapendwa, kuna ufunguo wangu humo. Nikafika mbele, nikamgeukia mjane, na sentensi ikakataa. Mtu aliyezika watu maisha yake yote hawezi kusimama kwenye jeneza akaanza na ufunguo. Nikaanza na salamu. Nikaleta salamu za kanisa letu la Euless. Nikaleta pole za jamii yangu, na za jamii ya ndugu yangu huyu kutoka Kongo. Nikaona bado siwezi, nikasema tuombe. Nikaomba kwa Kiingereza kikaniishia, nikahamia Kiswahili, nikamwombea mjane, nikawaombea watoto wa marehemu kama wapo, nikaombea majirani, seremala, wagonjwa wote wa homa, serikali, na kila nilipotaka kufika kwenye ufunguo nilipita kando yake kama mtu anayezunguka shimo. Nasikia Baba Bahati ananijibu kila mahali, "Amina. Ndiyo, Bwana. Amina." Mabega ya mjane yakatikisika. Nikasema maskini, nimemgusa.

Na katikati ya maombi yale simu yangu ikalia ndani ya koti. Sikujua kuizima haraka. Nikaifungua ili inyamaze, na sauti ya Wakesho ikajaa kanisa.

"Daddy! Mko wapi? Watu wa Houston wamefika! Wamekaa, wanauliza baba wa nyumba!"

"Niko msibani," nikanong'ona.

"Msiba wa nani?"

"Simjui."

"Humjui?"

"Nakuja, mama. Wape soda."

Nikafunga. Sasa hapakuwa na njia ya kuzunguka tena. Wameshaanza kusema baba amekataa. Nikavuta pumzi, nikaweka mkono juu ya ule mfuniko wangu, nikasema kwa Kiingereza, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Tafadhalini, kabla hamjamzika, lazima tufungue sanduku hili."

Mjane akapiga yowe, na yowe likageuka katikati likawa kicheko, akainama mpaka shela likaanguka, msichana wa watu, hata miaka thelathini hana, machozi yanamtoka kwa kucheka. Mhubiri akaficha uso kwenye kitabu. Watu wa nyuma wakaanza kupiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Seremala akanijia polepole kama mtu anayemwendea ng'ombe aliyeshtuka, akanishika kiwiko, akaninong'oneza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya leo, "Bwana, hakuna mtu humo. Ni magunia ya mchanga."

"Na mzee Amos?" nikamwuliza.

Akanionyesha mlangoni. Mzee mmoja mwenye tumbo na kofia ya majani alikuwa ameegemea mwimo, ana bilauri ya maji ya ndimu mkononi. Akaniinulia bilauri.

Sitaeleza sana zile dakika za kung'oa misumari. Wote walitazama. Seremala alikuwa mpole, Mungu ambariki, aling'oa mmoja mmoja asiharibu ubao. Gunia la mchanga likatolewa, na funguo zangu zikapatikana chini yake, kitufe chekundu kimebonyea. Watu wakashangilia. Mjane alinikumbatia. Mtu mmoja aliniomba tupige picha, nikapiga, kwa sababu ukishafika hapo kukataa picha ni kiburi tu. Lakini mimi nilikuwa natafuta uso mmoja, na sikuuona. Baba Bahati alikuwa ametoka nje.

Nikamkuta amesimama kwenye kaburi walilochimba nyuma ya kanisa, kaburi zuri, limenyooka kingo. Alikuwa anafuta macho. Nikaelewa kwamba yeye alilia kweli. Wakati mimi nahangaika na mifuko yangu, yeye alikuwa anamlilia mzee Amos.

"Nisamehe," nikamwambia. "Sikujua ni mchezo. Nimekudanganya bila kujua."

Hakunitazama. "Kwetu, wakati wa vita," akasema polepole, "tulizika batu bila sanduku. Usiku moja, mbiombio, bila wimbo. Baba yangu mimi hivyo. Sasa hawa watu iko na amani mingi mpaka wanazika sanduku bila mutu."

Tukaenda kwenye gari, na njiani ule wasiwasi nilioanza nao asubuhi ulikuwa mchezo wa watoto ukilinganisha na huu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mtu anayetafuta sababu ya kukataa, nami nimempa gunia zima. Nimemfanya alie mbele ya kamera. Nimemdanganya kuhusu kitambaa, nimemdanganya kuhusu honi. Nilimwona akilini Wakesho jikoni na mwiko wake, anasubiri.

Nyumbani walikuwa wamekaa duara, soda zimeshaisha. Baba zake wadogo Bahati hawakusimama tulipoingia. Mmoja akatazama maranda yaliyonishika kwenye suruali, akatazama saa ya ukutani, makusudi. Wakesho alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Nikajikaza niombe radhi, lakini Baba Bahati akanyoosha mkono nikae, akabaki amesimama yeye.

"Tumechelewa," akawaambia ndugu zake. "Tulikuwa kwa kilio."

"Kilio ya nani?" akauliza yule wa saa.

"Ya mutu haiko."

Akawasimulia. Mtu ambaye sikuwahi kusikia sentensi zake tatu mfululizo alisimulia kuanzia beseni mpaka gunia, akaigiza honi, akaigiza mimi ninavyotafuta mfukoni, akaigiza "zinafanana sana", na yule mdogo wake wa saa akacheka mpaka akaomba maji. Mimi niliinamisha kichwa, naungojea mwisho. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Nilisema nitakuya, nitaona. Nimeona. Huyu baba alikuwa na haraka, motokari yake imefungiwa, wageni wanamungoja, na mutu ule hapana wake. Lakini aliingia chini ya sanduku akabeba, na mbele ya kuomba ufunguo aliomba Mungu kwanza. Mimi niko mukimbizi, sijui nitafia wapi. Siku nitakufa pa inchi hii, nataka bakwe kama huyu. Mutoto wangu aoe hapa."

Akina mama wakapiga vigelegele jikoni. Wakesho akafunika uso kwa aproni. Na mimi, badala ya kushukuru na kunyamaza kama mtu mwenye akili, dhamiri ikanisukuma, nikainuka nikasema, "Baba Bahati, lazima niseme ukweli. Yale maombi yalikuwa marefu kwa sababu niliogopa kuutaja ufunguo. Sikuwa najua namna ya kuacha kuomba."

Mke wangu akafumba macho.

"Najua," akasema Baba Bahati. "Ulipofika kwa serikali nilifungua jicho moja. Nikakuona unakagua misumari."

"Na bado ukaitika amina?"

"Sasa ningefanya nini? Ulikuwa unahitaji maombi kuliko marehemu."

Hivyo ndivyo Wakesho alivyoolewa, na namshukuru Mungu kila siku, ingawa nashukuru nikiwa nimeona haya. Nimeapa mambo mawili tangu hapo. Siweki tena kitu changu ndani ya kitu cha mtu mwingine, hata kikapu cha sadaka nakitazama mara mbili. Na katika ule mji wa kale sitakanyaga tena mpaka Bwana anichukue. Kiapo cha pili ndicho kinachonisumbua, kwa sababu Baba Bahati amenogewa. Kila Ijumaa jioni ananipigia simu, mtu yule yule mkimya kama ukuta, ananiuliza kama kesho niko na nafasi, twende tuone nani amekufa wiki hii.